Kopo la Senene Wenye Mabawa

Kazi yangu ni kuvusha vitu mpakani. Nimeifanya kwa miaka mingi pale Gikondo, Kigali, katika yadi ya maghala ambako malori yanayotoka Dar es Salaam hupanga foleni asubuhi, vumbi la nchi ya mama yangu likiwa bado limeganda kwenye matairi. Saruji, mafuta ya kula, vitenge, vigae vya bafuni, vyote vinapita mikononi mwangu. Ninamjua afisa wa mpaka wa Rusumo mwenye haraka na yule ambaye lazima kwanza anywe chai. Lakini kwa muda mrefu mzigo mmoja ulinishinda kuuvusha, nao ulikuwa mimi mwenyewe.

Mama yangu anaishi Karagwe, upande wa pili wa Rusumo. Baba alikuwa Mnyarwanda aliyekimbilia huko akiwa kijana. Mama ni Mnyambo wa palepale, mwenye migomba yake na ukaidi wake. Wakati wa wakimbizi kurudi Rwanda ulipofika, baba alirudi, nami nikamfuata kwa sababu nilikuwa nimemaliza shule na Kigali ilikuwa inatafuta watu wa kufanya kazi. Mama alikataa. Alisema yeye hajawahi kukimbia kwao, sasa arudi wapi? Baba alishafariki, mimi nimeanza kuota mvi hapahapa, na mama bado yuko na migomba yake pamoja na mdogo wangu wa kike aliyebaki kumtazama.

Wala si mbali. Ukitoka Kigali asubuhi, jioni unakula ndizi za mama. Zamani nilikuwa nakwenda kila Krismasi na kila msimu wa senene, nikirudi na mizigo mpaka kondakta ananiuliza kama ninahama.

Halafu siku moja, nikiwa kwenye foleni ya kugonga muhuri Rusumo, ndani ya lile jengo ambalo nchi zote mbili zinalitumia, moyo wangu ulianza kwenda mbio. Hakukuwa na sababu yoyote. Mbele yangu alisimama mama mwenye mtoto mgongoni, nyuma yangu kijana anaongea na simu. Mikono ikafa ganzi, kifua kikabana, sakafu ikawa kama inaniponyoka. Niliamini ninakufa, na kilichonitia uchungu zaidi ni kufa karibu namna ile na nyumbani. Nilitoka kwenye foleni nikiwa nimeacha mfuko wangu wa zawadi chini, nikapanda gari la kwanza lililokuwa linarudi Kigali.

Madaktari walinipima, wakaniambia moyo wangu ni mzima. Wakaniandikia vidonge vya kunituliza, nikavimeza, nikatulia kitandani. Nilipojaribu tena safari, nilishukia Kibungo. Mara iliyofuata nilishukia Kayonza, hata nusu ya njia sijafika. Nikasema basi, nitasubiri kwanza nipone, nikishapona nitakwenda kumwona mama vizuri, kwa raha. Hilo lilionekana kuwa jambo la busara, na kila niliyemwambia aliliafiki.

Tatizo ni kwamba woga ukishapewa chumba kimoja unaomba na cha pili. Nilianza kukwepa lifti. Kisha nikakwepa mikutano kwenye vyumba visivyo na dirisha. Kanisani nikahama kwaya, nikawa nakaa benchi la mwisho karibu na mlango, mimi niliyekuwa nikiimba sauti ya pili mpaka mchungaji anafumba macho. Watu wa Kigali ni wapole, hawakuulizi sana. Walikuwa wananiambia neno moja tu, lile wanalomwambia mfiwa na aliyeibiwa na aliyekosa gari: "Ihangane." Maana yake vumilia. Nilivumilia mpaka meno yakaniuma.

Mama sikumwambia. Nilimwambia kazi zimenibana. Tulikuwa tunaonana kwa simu ya mdogo wangu, ile ya kuonyesha sura. Mama hakuwahi kuielewa. Kila nikitokea kwenye kioo alikuwa anasogeza kiti na kusema, "Karibu ukae," halafu anamwagiza mdogo wangu alete chai. Mimi nacheka huku nakunywa chai yangu ya Kigali isiyo na tangawizi ya kutosha. Simu ikikatika nabaki nimeshika tama. Nilimtaka mama mwenyewe, mama mwenye harufu ya moshi na majani ya migomba, anayenishika kidevu na kuniambia nimekonda hata kama nimenenepa.

Kila mwaka alinitumia kopo. Wasiowajua senene niwaeleze: ni panzi wa kijani wanaoanguka kwetu wakati wa mvua, wengi mpaka watu wanawazoa. Unawanyonyoa mabawa na miguu, unawakaanga na chumvi, unawakausha. Zamani wanawake waliwakusanya na wanaume ndio waliowala. Mama alikuwa akitusimulia mila hiyo mdomo wake ukiwa umejaa senene. Yeye ndiye aliyekuwa mnyonyoaji hodari kuliko wote pale kijijini. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe huku macho yake yakitazama njia, na hukuti bawa hata moja kwenye chombo chake. Akishamaliza analijaza kopo la maziwa ya unga, mdogo wangu analipeleka kwenye kituo cha malori cha Benako kwa mmoja wa madereva ninaowajua, na kopo linaingia Gikondo juu ya saruji kama mzigo wenye heshima zake.

Aliyenielekeza kwenye kilima cha Rebero, hapahapa Kigali, ni bosi wangu. Alikuwa amechoka kuniona ninapanda ngazi hadi ghorofa ya juu jasho likinitoka wakati lifti ipo. Akasema yuko binti mmoja mtaalamu, anasaidia watu kwa kuzungumza nao, nikajaribu. Nilikwenda shingo upande.

Nyumba yenyewe ni ya kawaida tu, geti jeusi, parachichi mbili uani, na kwenye kibaraza benchi la kungojea ambalo unaliona jiji lote chini yako. Mshauri alikuwa mdogo kwangu sana, Mnyarwanda aliyekulia Uganda, na Kiswahili chake kilinifanya nimhurumie kabla hajanihurumia yeye. Niliongea muda mrefu. Nilimaliza kwa kusema wazi nilichofuata: aniondolee woga huu, kisha niende kwa mama.

Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mama, mimi siwezi ondoa hiyo woga. Mimi sina dawa ya kuondoa."

"Sasa kazi yako ni ipi?"

"Kazi yetu ni kuona kama wewe unaweza enda kwa mama na woga iko ndani ya gari."

Akaendelea kunieleza kwamba nimehangaika miaka yote nikipigana na woga, na kila nikipigana maisha yangu yanazidi kuwa madogo. Akasema nijifikirie mimi ni dereva wa basi, na nyuma kuna abiria wabaya wanapiga kelele, wananitisha, wanataka nigeuze gari. Ninaweza kusimama nigombane nao, au nikaendesha hukohuko wakipiga kelele.

Nilipandwa na hasira. "Mwanangu, mtu ameshindwa kupanda basi, wewe unampa mfano wa basi?"

Alicheka, akaomba msamaha, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kusimama. Pale kwenye benchi nilimkuta baba mmoja anangoja zamu yake, mtu wa mtaa wa Rwezamenyo, kofia ya kufuma kichwani. Alikuwa anajitahidi kuacha pombe, na alinieleza hayo bila kuulizwa, kwa namna watu wa kwenye mabenchi yale wanavyoelezana.

"Na wewe amekuambia hawezi ondoa?" akaniuliza.

"Ameniambia."

"Mimi pia. Ninamwambia, dada, niko na kiu ya bia, itanimaliza. Ananiambia, sawa, kiu iko. Sasa wewe unataka kuwa baba ya namna gani kwa watoto yako?" Akatikisa kichwa. "Tena yule msichana ya hapa juzi, ile haiwezi lala, na yeye ni maneno ile ile."

Hapo ndipo nilipokasirika kabisa. Nilikumbuka nesi wa shule yetu ya msingi, ambaye uende na homa au uende na mwiba mguuni, kidonge kilikuwa kilekile. Niliteremka Rebero kwa miguu nikijisemea kwamba nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Sikurudi wiki ile wala iliyofuata.

Kilichonirudisha ni kopo.

Lilifika asubuhi ya mvua. Wenzangu ofisini ni Wanyarwanda, na kwao kula panzi ni kichekesho kisichochakaa. "Mama, mifugo yako imefika!" mmoja alipiga kelele kutoka mlangoni, na wengine wakaweka mikono midomoni kujifanya wanatapika. Niliwaambia watu wasiojua utamu wasiniletee njaa zao. Nikafungua kifuniko hapohapo mezani, nikiwa na hamu ya ile harufu.

Senene walikuwa na mabawa.

Wote. Wamekaangwa na mabawa yao na miguu yao, wamekauka hivyo, wamejazana kwenye kopo kama takataka zilizofagiliwa. Nilichota kiganja, nikatazama, nikachota kingine nikidhani labda ni wa juu tu. Kicheko cha wenzangu kilikatika, nadhani waliona uso wangu. Nilitoka nje kwenye malori nikampigia mdogo wangu.

"Mama ana nini?"

Akaanza kulia, na mdogo wangu si mtu wa kulia. Akasema mama anatia chumvi kwenye chai. Anauliza baba amechelewa wapi. Kuna siku alimfukuza yeye mwenyewe kwa fagio akidhani ni mwizi wa ndizi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Dada, ningekuambiaje? Wewe una moyo wako. Nilisema nikikuambia na huwezi kuja, nitakuwa nimekuongezea mateso bure." Akavuta pumzi. "Lakini bado anakutaja. Kila siku anakutaja kwa jina. Njoo angali anakutaja."

Nilisimama kati ya malori mawili mvua ikininyeshea. Nilikuwa nimekaa miaka nikisubiri woga uondoke ndipo nimwone mama, na sasa aliyekuwa anaondoka ni mama.

Siku hiyohiyo nilikwenda Rebero bila miadi, kopo kwapani. Mshauri alikuwa anafunga dirisha. Nilikaa nikaweka kopo mezani na kufungua, na yule binti, msomi wa watu, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati.

"Mama, hii ni nini?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye mabawa nililia kwa namna ambayo sijalia tangu mazishi ya baba. Hakuniambia ihangane. Alikaa tu, akaniachia nilie, na nilipomaliza akaniuliza nilikuwa nataka kufanya nini na wale senene.

"Kuwanyonyoa. Nitafanya nini kingine?"

"Basi tunyonyoe," akasema.

Akavuta kiti. Alinyoosha kidole, akakirudisha, akakinyoosha tena. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtoto anayepewa kwinini. Nikasahau machozi yangu.

"Akili yako inakuambia nini?" nikamwuliza, maana hilo lilikuwa swali lake yeye kwangu siku ile ya kwanza.

"Akili yangu inaniambia hii ni mdudu, na itatembea ndani ya tumbo yangu."

"Na wewe unataka nini?"

Akanitazama. "Mimi nataka kukaa na wewe hapa."

Akachukua senene mmoja. Senene akishakauka ni kazi kumnyonyoa, bawa linapukutika vipande vipande na miguu inakuchoma vidole. Nilimwonyesha namna ya kushika. Tulikaa pale muda mrefu, mabawa yakirundikana juu ya gazeti, yeye akisitasita na kuendelea, akisitasita na kuendelea. Hakungoja kinyaa kimwishe. Kilikuwa kimekaa naye palepale mezani, na vidole vyake vikifanya kazi. Nami nikagundua kwamba huzuni yangu pia ilikuwa imekaa palepale, na woga juu yake, na vidole vyangu navyo vilikuwa vinafanya kazi.

Mwisho nikamwambia aonje. Alifumba macho, akatafuna.

"Iko kama karanga," akasema baada ya kumeza. "Lakini karanga iko na miguu."

Tulicheka hadi mtu aliyekuwa kwenye benchi nje akachungulia.

Ndipo nilipomwuliza, kwa adabu safari hii, tofauti ya dawa yake na ile ihangane ya kila mtu. Akasema kuvumilia ni kama kuzuia mlango kwa bega usiku kucha asiingie mtu. Huwezi kupika, huwezi kulea mtoto, bega lako liko mlangoni. Yeye anataka niache mlango, woga uingie, ukae kwenye kiti, nami niende nikapike. Nikamwambia kwetu yadini tuna neno la hilo. Lori likija na mzigo wa kwenda Goma, mzigo huo si wetu, unapita tu. Umefungwa lakiri. Hatuufungui, hatuuhesabu, hatuukatalii njia. Tunauandika kwamba umeingia na tunauacha upite. Wakala wa forodha mgeni ndiye anayetaka kufungua kila turubai aone kuna nini, na foleni inafika hadi barabarani.

"Sasa wewe ulikuwa unafungua turubai," akasema.

"Miaka yote hiyo."

"Mama, hiyo mfano nitaiba. Ya basi nitaacha."

Tukaanza kazi. Sitasema ilikuwa rahisi, na mtu akikuambia kitu hiki ni rahisi, mkimbie. Nilipanda lifti nikiwa na woga. Nikajifunza kusema, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayesoma hati, "Akili yangu inaniambia kwamba ninakufa," badala ya kusema ninakufa. Mwanzoni niliona ni upuuzi wa wasomi. Lakini maneno yale yalinipa nafasi ndogo, upana wa kiganja tu, kati yangu na ile hofu, na katika nafasi hiyo niliweza kubonyeza namba ya ghorofa. Nilirudi kwenye kwaya nikaimba sauti ya pili nikitetemeka, na aliyekuwa jirani yangu akadhani nimeguswa na Roho. Nilikwenda Kayonza, nikala brosheti, ile mishikaki yao, sokoni, nikarudi. Nilishuka Kayonza kwa sababu ndiko nilikokuwa ninakwenda, na hilo peke yake lilinifanya nicheke ndani ya gari kama mwendawazimu.

Kila Jumatano mshauri alikuwa ananiuliza swali lilelile: unataka kuwa mtoto wa namna gani kwa mama yako? Nilikuwa namjibu kila mara, nataka kuwa mtoto anayefika.

Huku nyuma mama alikuwa anapungua. Kwenye simu alikuwa bado anasogeza kiti, lakini siku moja alinikaribisha kwa jina la shangazi yangu aliyekufa. Mdogo wangu akamsahihisha haraka haraka, naye akasema, "Ndiyo, ndiyo, najua," kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nilitaka kuingia ndani ya simu ile. Nilimtamani hadi mwili ukaniuma, hasa mikono, sijui kwa nini.

Mvua za masika zilipoanza, mdogo wangu akaniambia senene wameanguka. Nikaomba ruhusa kazini, nikakata tiketi.

Nilipanda gari pamoja na woga wangu pale stendi ya Nyabugogo, na kwa kweli haukukosa hata kituo kimoja. Kibungo ulinishika koo. Niliegemea dirisha, nikatazama migomba inavyozidi kuwa mingi, nikasema moyoni, umeingia, nimekuandika, pita. Haukupita. Ulikaa. Nikaendelea kutazama migomba.

Rusumo nilisimama kwenye foleni ileile, kwenye sakafu ileile. Moyo ulidunda hadi nikauona kwenye kitambaa cha blauzi. Kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, kila kitu kama siku ile. Afisa aliyenigongea muhuri ananifahamu kwa simu, miaka mingi tunazungumza habari za saruji, hajawahi kuniona.

"Kumbe ndiye wewe!" akasema alipoliona jina langu. "Leo unavusha nini?"

"Leo ninajivusha mwenyewe," nikamwambia, na sauti ilitetemeka, na sikuificha.

Nilipovuka daraja nililia. Nilikuwa bado ninaogopa. Ninapenda kulisema hilo kwa sababu watu wakisikia habari hii wanataka niwaambie kwamba darajani woga uliniisha. Haukuisha. Nilivuka nao, na ng'ambo ya pili udongo ulikuwa mwekundu vilevile na vijana wa Benako waliniuzia ndizi mbivu kwa kelele zilezile.

Nilifika jioni, jua bado lipo. Mama alikuwa amekaa uani kwenye mkeka, mdogo, mdogo kuliko alivyokuwa kwenye simu, beseni la senene wabichi kati ya miguu yake. Mdogo wangu alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Nilipiga magoti mbele ya mama kumsalimia kama inavyopasa, nikamshika mikono. Ilikuwa na ile harufu. Moshi na majani ya migomba, haikuwa imepotea hata kidogo.

Aliniitikia vizuri sana, kwa adabu anayopewa mgeni. Akanitazama usoni. Nilingoja. Nilingoja ashike kidevu changu aseme nimekonda.

"Karibu ukae," akasema. "Umetoka mbali?"

"Nimetoka Kigali, mama."

Macho yake yakawaka. "Kigali! Mwanangu yuko Kigali." Akalitaja jina langu, lote, kama alivyokuwa akiniita nilipokuwa nimechelewa kurudi kutoka kisimani. "Unamfahamu?"

Mdogo wangu alipiga hatua kutaka kumsahihisha, nikamzuia kwa mkono. Kifua kilinibana kuliko Rusumo. Kila kitu ndani yangu kilitaka kusimama, kutoka, kupanda gari la kwanza linalorudi. Nikakaa. Nikajivuta kwenye mkeka mpaka goti langu likagusana na lake.

"Ninamfahamu," nikasema.

"Anapenda hawa sana." Akasukuma beseni katikati yetu. "Ninamwandalia. Yeye hawezi kuja, anaogopa safari. Hajaniambia, lakini mimi ni mama yake, ninajua."

Nikachukua senene mmoja. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda vyenyewe kama zamani, isipokuwa alikuwa anayatoa mabawa kisha anayarudisha palepale kwenye beseni pamoja na senene. Nami nilikuwa ninayachambua nyuma yake taratibu na kuyaweka pembeni kwenye jani la mgomba. Tuliendelea hivyo, yeye akichanganya na mimi nikichambua. Alikuwa anatazama njia. Nilijua anamngoja nani.

Kopo la maziwa lililokuwa kando yake lilipojaa, senene wakiwa wabichi vilevile, alilifuta kwa ncha ya kanga, akalikaza kifuniko, akaniwekea mikononi na kuifunika mikono yangu kwa yake.

"Utamfikishia?"

"Nitamfikishia, mama."

"Mwambie asiogope," akasema. "Na kama anaogopa, aje hivyohivyo."